Hatua Tano za Noëlla

Nilimsimamisha Odile Pelletier ukutani siku tatu mfululizo, na siku zote tatu hakulia. Laiti angelia. Mtoto akilia, mwalimu hupata pa kuanzia: humpa leso, humrudisha kwenye dawati, mambo yakaisha. Odile alisimama tu, uso kwenye mbao, mikono nyuma, soksi moja imeshuka hadi kwenye kifundo, akingoja nichoke. Alikuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa na ishirini na miwili, na sikujua bado kwamba tulikuwa tunashindana.

Wajukuu zangu leo wananijua kama bibi mpole anayesikiliza kila upuuzi wao mpaka mwisho. Hawakumjua yule mwalimu wa mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja ya Saint-Firmin, kule juu mto Saint John unakotenganisha jimbo la Maine, Marekani, na Kanada. Yule alikuwa na rula. Alikuwa na mistari mitatu aliyoiandika juu kabisa ya ubao na kukataza isifutwe: Soma swali. Fuata kanuni. Andika jibu. Watoto ishirini na sita waliiimba kila asubuhi kabla ya hesabu, nami nilijivuna, kwa sababu waliimba kwa sauti moja.

Sikuitunga mwenyewe. Nilipokuwa na miaka saba nilimuuliza mwalimu wangu kwa nini tano mara sifuri ni sifuri, wakati matufaha yangu matano bado ninayo mkononi. Alinipiga vidole kwa ukingo wa rula, si kwa chuki, ila kama mtu anayefukuza nzi. Tangu siku hiyo sikuuliza tena, na kwa kutouliza nikawa mwanafunzi bora wa bonde zima. Nilipewa cheti, nikapewa shule, nikanunua rula.

Mtihani uliotuletea balaa ulitoka mjini mwanzoni mwa Septemba, maswali ishirini kwa kila mtoto. Aliyeutunga alitaka kutupendeza sisi watu wa viazi, akaandika swali la saba hivi: Watoto wanne wamepewa tuta la viazi lenye urefu wa hatua arobaini wavune. Kila mtoto atavuna hatua ngapi?

Odile aliandika: 13, 13, 9, 5.

Nilimwambia afute aandike kumi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avae kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Akasema, kwa Kiingereza chake cha kusitasita, maana shuleni lugha ya nyumbani, Kifaransa, ilikuwa marufuku, "Hapana, Mwalimu." Basi. Hakueleza. Nami sikumtaka aeleze. Nikamwonyesha ukuta.

Mkaguzi wa wilaya, Bwana Haskell, alikuja kuchukua matokeo. Alikuwa mzee wa sharubu nyeupe, mtu mwema, na hilo nataka lijulikane. Siku ile jiko letu lilikuwa linatoa moshi, watoto wanakohoa. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akasafisha bomba mwenyewe mpaka masizi yakamjaa masikioni. Kisha akanawa, akakaa, akaniambia kwamba Odile amekosa maswali kumi na moja, na mtoto wa kukosa kumi na moja hupelekwa kwenye darasa la pembeni kule mjini.

Nililijua darasa lile. Nilikuwa nimepelekwa kulitembelea nikiwa masomoni. Watoto wakubwa, wengine wana ndevu zinazoanza, walikuwa wamekaa wakitenganisha vifungo vya nguo: vyekundu huku, vyeusi kule. Wakimaliza, mwanamke mmoja anakuja anavichanganya, wanaanza tena. Hakuna niliyemsikia ametoka pale akarudi kwenye madaftari.

"Tutampa nafasi moja zaidi," Bwana Haskell alisema. "Baada ya mavuno nitakuja na karatasi ileile. Akikosa tena, utatia sahihi ahamishwe. Bila sahihi ya mwalimu hawampokei. Lakini utatia, binti. Ni kwa faida yake."

Nikasema ndiyo. Wakati ule nilikuwa mtu wa kusema ndiyo.

Kule kwetu shule hufungwa wiki tatu mwishoni mwa Septemba, watoto wakavune viazi. Hakuna anayeachwa. Padre huvuna, mwenye duka huvuna, na mwalimu akitaka heshima huvuna naye. Nilikwenda kwa Aurèle Pelletier, baba yake Odile, kwa sababu shamba lake lilikuwa karibu na nyumba niliyopanga, na labda kwa sababu nilitaka yule mtoto anione nikifanya kazi vizuri.

Trekta lilipita alfajiri likifukua matuta, viazi vikalala juu ya udongo baridi, vyeupe kama mayai. Kila mvunaji hupewa kipande chake, kimepimwa kwa hatua na kuwekewa kijiti mwanzo na mwisho. Trekta likirudi, kipande chako kiwe kimeisha. Usipomaliza, unachelewesha wote. Nilipewa hatua thelathini kama wanawake wengine. Saa nne asubuhi mgongo wangu haukuwa wangu tena. Kapu lilinigonga magoti, mikono imevimba, na kila nikiinua kichwa naliona trekta linakuja.

"Mwalimu, hicho kiazi unakiaga au unakiokota?" Aurèle alinipigia kelele kutoka kwenye mapipa ya viazi. Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na nguvu za kukasirika.

Tulipumzika mchana kula ploye, zile chapati zetu nyembamba za unga wa bakwiti, na mafuta ya nguruwe. Tuliporudi kwenye matuta, kazi yangu ikawa nyepesi kwa namna ambayo sikuielewa. Trekta lilipita, nikakuta nimemaliza. Likapita tena, nimemaliza tena. Nilifikiri nimezoea. Mara ya tatu nikamwona Odile akiweka kijiti changu cha mwisho, nyuma ya pale kilipokuwa asubuhi.

Nikamfuata. Huko shambani hakuna aliyekataza lugha ya nyumbani, nikamsemesha kwa hiyo.

"Odile, umehamisha kijiti changu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hatua ngapi?"

"Kumi. Nimempa mama."

Nilitazama upande wa pili. Yvonne Pelletier, mama yake, mimba ya miezi mitano, alikuwa ameinama kwenye hatua zangu kumi akivuna kimyakimya, hata hanitazami.

"Mama amekubali?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nikuangalie. Amesema mgongo wa mwalimu haujakomaa." Akafikiri kidogo, akaona labda nimeumia. "Wiki ijayo nitakurudishia tano, ukiweza."

Kisha akaendelea na kazi yake, maana kumbe kazi yake ilikuwa hiyo. Baba yake alikuwa amewapa watoto wake wanne hatua arobaini kwenye kila tuta, na Odile, kifungua mimba, ndiye aliyezigawa. Alitembea akihesabu kwa midomo. Kumi na tatu zake, kijiti. Kumi na tatu za Gérald, mdogo wake wa miaka tisa, kijiti. Tisa za Rosaire. Na mwisho, karibu na njia, pale mama yao angeweza kumwona, hatua tano za Noëlla, aliyekuwa na miaka mitano na kapu kubwa kuliko tumbo lake.

Nilisimama katikati ya shamba na kiazi mkononi. Trekta lilikuwa linakuja na sikulisikia.

"Ndiyo ile ya mtihani," nikasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Ulisema niandike kumi."

"Lakini kumi unaijua? Unajua arobaini kugawanya kwa nne?"

Alinitazama kwa huruma, ile huruma ya mtoto kwa mtu mzima anayechelewa kuelewa. "Kumi ni rahisi. Lakini ukimpa Noëlla kumi atalia, hatamaliza, viazi vyake vitabaki chini. Jalidi ikigandisha udongo usiku, vinaharibika. Aliyeandika lile swali hana mdogo wake?"

Jioni ile nilikaa jikoni kwa Pelletier nikawaeleza wazazi mambo yote: ukuta, darasa la vifungo, sahihi yangu. Aurèle alisikiliza huku akivua buti. Alikuwa mtu wa utani kutwa nzima, lakini pale hakutania.

"Basi aandike hiyo kumi," alisema. "Odile. Andika kumi, mambo yaishe."

"Nikiandika kumi, baba, kesho utanipa mimi vijiti nigawe?"

"Hayo ni ya shamba."

"Swali ni la shamba."

Yvonne aliniongezea chai bila kuuliza, akaweka mkono begani kwangu kidogo, kama aliyejua kwamba mwanawe hatabadilika na kwamba mzigo sasa ni wangu. Na hata Odile angekubali, kumi ingeokoa swali moja tu. Nilikuwa nimekwisha kumuuliza mengine tulipokuwa njiani kurudi. Yote kumi na moja yalikuwa na sababu. Nyingine zilinichekesha, mbili zilikuwa makosa ya kweli ya hesabu, lakini hapakuwa na hata moja ambayo hakuifikiria. Watoto niliowapa alama zote ishirini, je, wao walifikiri? Niliogopa kuwauliza. Niliogopa zaidi kujiuliza mimi.

Bwana Haskell alikuja Jumatatu ya kwanza baada ya mavuno. Alimkalisha Odile kwenye meza yangu, mbele ya wenzake, akampa karatasi na nusu saa. Kisha akasahihisha kwa kulinganisha na karatasi ya majibu, kidole kikishuka taratibu.

"Kumi na moja tena," alisema. Hakufurahi, nawaambia ukweli. Akaitoa fomu, akaweka na kalamu juu yake, upande wa mkono wangu wa kulia.

"Muulize kwa nini," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto. Muulize kwa nini ameandika hivyo."

"Binti, huu ni mtihani. Si mazungumzo."

"Ndiyo maana hujui anachofikiri."

Sauti ilikuwa yangu, lakini niliisikia kama inatoka kwa mtu aliyekuwa amefungiwa kwa miaka kumi na mitano, na hakuwa tayari kurudi ndani.

Bwana Haskell alivuta pumzi. "Haya. Moja tu." Akamgeukia Odile. "Swali la kumi na mbili. Ng'ombe, farasi, jogoo, trekta. Kipi si cha kundi? Umeandika jogoo. Kwani trekta ni mnyama?"

Odile alinitazama. Kiingereza chake hakikutosha kwa jambo refu.

"Sema kwa lugha ya nyumbani," nikamwambia, kwa lugha ya nyumbani.

Huko nyuma Gérald alishtuka. Kwa maneno machache kuliko hayo nilikuwa nimemnyima mapumziko wiki nzima.

"Hilo haliruhusiwi humu," alisema Bwana Haskell.

"Basi liandike na hilo kwenye ripoti yako," nikasema.

Odile akasema, mimi nikitafsiri: "Hao watatu usipowalisha hawafanyi kazi. Hata trekta linakunywa mafuta. Jogoo anajitafutia mwenyewe, na asubuhi anawika hata kama humjali."

Mtoto mmoja akacheka, wengine wakafuata. Sharubu za Bwana Haskell zilitikisika, nikaona. Lakini akagonga karatasi kwa kidole.

"Jibu ni trekta."

"Trekta ni jibu," nikasema. "Jogoo naye ni jibu. Ila karatasi yako ina nafasi ya moja."

"Na tuta la hatua arobaini? Hilo nalo lina majibu mangapi?"

"Twende kwa Pelletier sasa hivi. Mpe mtoto wa miaka mitano hatua kumi, halafu usimame usubiri jalidi."

"Sikuja kuvuna viazi, Bi. Daigle."

"Najua. Na aliyetunga swali hakuja pia."

Nikaivuta fomu. Palikuwa na sehemu ya sababu za kumhamisha mtoto, nikaandika: Hakuna. Palikuwa na sehemu ya sahihi, nikaandika: Nimekataa. Cécile Daigle, mwalimu. Herufi zililala ovyo kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini zilisomeka.

Alizisoma mara mbili. "Unajua mkataba wako unaisha Juni."

"Juni iko mbali, Bwana Haskell."

Alivaa kofia. Alipopita karibu na jiko alilitazama bomba, akaona kiungio kimelegea, akakikaza kwa leso yake ili asiungue, kisha akatoka. Sijawahi kuacha kumpenda kidogo kwa ajili ya kile kiungio. Na sikujuta kumkatalia.

Mlango ulipofungwa niliwaambia watoto, kwa lugha zote mbili, kwamba nilimkosea Odile. Nikapanda kiti nikafuta ile mistari mitatu. Nilidhani watashangilia. Hawakushangilia. Rosaire alinyoosha mkono, macho yamemtoka, akauliza, "Sasa tufuate nini, Mwalimu?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa tamu kama wanavyodhani watu. Niliwauliza jinsi ya kujua urefu wa mnara wa kanisa bila kuupanda. Siku ya kwanza karatasi ishirini na sita zilirudi nyeupe. Walikuwa wanangoja kanuni. Msichana mmoja, mwerevu kuliko wote kwa alama, alilia, akasema namtega. Nilimwelewa, nilikuwa yeye. Nami nilikuwa nikishika kalamu nyekundu, vidole vinajiendea vyenyewe kuweka alama ya kosa kabla sijamaliza kusoma, mpaka nikaamua kusahihisha nikiwa nimekalia mkono wa kulia.

Tuliweka sharti moja: sema lolote, ila ulitetee mbele ya wenzako, na likiwezekana tulijaribu. Si kila jibu lilisimama. Gérald alisema tuhesabu muda ambao donge la theluji linachukua kuanguka kutoka juu, lakini ilibidi mtu apande kulidondosha, wakamzomea vizuri. Odile alipima kivuli cha mnara na kivuli cha Gérald, kisha akapanga namba mpaka zikakubaliana. Noëlla, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule, alisema, "Tumuulize padre." Tulimuuliza. Futi sitini na nane. Odile alikuwa amepata sitini na sita, akanuna hadi kesho yake.

Odile alibaki darasani kwangu majira yote ya baridi. Kila posta ilipofika nilifungua barua kwa kisu cha jikoni, nikitafuta jina lake. Mwezi wa Mei zikaja karatasi mbili ndani ya bahasha moja. Ya kwanza ilisema mkataba wangu hautaendelezwa. Ya pili, ya mistari miwili, ilisema shauri la kumhamisha Odile Pelletier limefungwa, na ikawa na sahihi ya Haskell. Ile ya kwanza alitakiwa kuiandika. Ile ya pili hakuna aliyemlazimisha.

Nilimpelekea Yvonne ile ya pili. Aliisoma akiwa amembeba mtoto mchanga, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la chumvi, ambako hakuna panya anayefika. Kisha akauliza, "Na wewe?"

"Mimi nitapata shule nyingine."

"Watakupa?"

"Walimu ni wachache, Yvonne. Watanipa huku wamekunja uso."

Na ndivyo walivyonipa. Ilikuwa shule ya matofali katika mji wa kiwanda cha karatasi, mwendo wa siku nzima kwenda kusini, hewa inanuka kama kabichi iliyooza. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyevaa miwani ya mnyororo, alinikabidhi kitabu cha hesabu. Alikuwa na barua kutoka wilayani, hakunificha.

"Kila ukurasa una njia moja," aliniambia. "Usiwachanganye watoto wa watu."

"Nimekusikia," nikasema. Sikusema nitafanya nini.

Asubuhi ya kwanza niliandika hesabu ya kutoa ubaoni. Watoto thelathini na mmoja wa wafanyakazi wa kiwandani waliinama, wakaandika, wakainuka, wote na jibu moja. Isipokuwa mvulana mmoja mnene aliyekaa dirishani, aliyekuwa ameziba daftari lake kwa mkono mzima.

"Wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nimefanya vingine, Mwalimu." Akaanza kutafuta ufutio. "Nafuta."

Wenzake waligeuka kunitazama, kuona mimi ni mwalimu wa namna gani. Mlango wa darasa ulikuwa na kioo, na nyuma ya kioo niliiona ile miwani ya mnyororo imesimama.

Nikavuta kiti, nikakaa kando yake, mgongo nikaupa mlango.

"Usifute," nikamwambia. "Haya, nieleze. Ulianzia wapi?"